Saa Mbili za Msafiri: Njeo, Safari ya Angani na Marejeo katika Riwaya ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza tukio moja ambalo riwaya ya Kiswahili imelirudia kwa sura mbalimbali: mtu anasafiri mbali, anarejea, na hesabu yake ya muda inakuwa hailingani na hesabu ya wale aliowaacha nyumbani. Tukio hilo ni la kale katika masimulizi ya Waswahili. Tangu mwaka 1905, Albert Einstein alipochapisha nadharia ya uhusianifu, limekuwa pia suala la kisayansi. Na tangu binadamu alipoanza kuruka angani mwaka 1961, limekuwa jambo linaloweza kuhesabiwa kwa saa.

Ni kawaida kwa wahakiki, wanapokutana na wakati uliovurugika katika riwaya zilizotoka tangu mwanzo wa miaka ya 1990, kutafuta chanzo chake ng'ambo: katika uhalisiajabu wa Amerika ya Kusini au katika usasa wa Ulaya. Athari hizo zipo na si haja ya makala haya kuzikana. Hata hivyo, istilahi ya "kuvurugika" inaficha tofauti muhimu. Kuna riwaya ambamo mpangilio wa matukio umevunjwa na msimulizi, na kuna riwaya ambamo wahusika wenyewe wameishi muda usiolingana. Gérard Genette (1972) alitenganisha wakati wa hadithi na wakati wa usimulizi, na mgawanyo wake unatosha kwa aina ya kwanza. Kwa aina ya pili hautoshi, kwa sababu hapo hadithi yenyewe ina nyakati mbili, na zote mbili ni za kweli.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba nyakati hizo mbili hudhihirika pale msafiri anaporejea. Kwamba mfumo wa njeo za Kiswahili haumlazimishi msemaji kuzitofautisha, hivyo mwandishi hana budi kuutafuta ushahidi katika msuko. Na kwamba uhakiki, kwa kumfuata msafiri peke yake, umemsahau mhusika ambaye ndiye mwenye muda mrefu zaidi, yaani aliyebaki. Hoja itaanzia Mumbuni, karibu na mji wa Machakos, mahali ambapo Kikamba na Kiswahili hukaa katika kinywa kimoja.

2.0 Mapacha wa Mumbuni

Mfano wa kubuni unaweza kulifafanua suala. Mapacha wawili wamezaliwa Mumbuni. Mmoja anabaki akilima matuta ya shamba la wazazi wake. Mwingine anapanda chombo kinachokwenda kwa kasi iliyo sawa na nne ya tano ya kasi ya mwanga, kuelekea nyota ambayo mwanga hutumia miaka 4 kuifikia. Anapofika anageuka na kurudi kwa kasi ile ile. Kwa saa ya Mumbuni, safari ya kwenda imechukua miaka 5 na ya kurudi miaka 5. Kwa saa iliyokuwa chomboni, safari nzima imechukua miaka 6. Hakuna saa iliyoharibika. Aliyebaki amezeeka kwa miaka 10, aliyesafiri kwa miaka 6, na kila mmoja ameuishi muda wake kwa ukamilifu: amelala, amekula, ameota mvi kwa kadiri ya saa yake.

Mfano wa aina hii si mgeni katika sayansi. Paul Langevin aliueleza mwaka 1911 kwa msafiri aliyetumia miaka 2 na kuikuta dunia imezeeka kwa miaka 200. Mwaka 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walizungusha saa za atomiki duniani kwa ndege za abiria, na waliporudi walikuta saa hizo zimeachana na zile zilizobaki ardhini kwa kiasi kilichokaribiana na utabiri wa nadharia. Saa za setilaiti zinazotumika kutambua mahali duniani hutangulia saa za ardhini kwa takriban sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Hutangulia kwa sababu huko juu mvuto wa dunia ni dhaifu, na jambo hilo huharakisha saa kuliko mwendo wa setilaiti unavyoichelewesha. Kwa vituo vinavyozunguka karibu na dunia hali ni kinyume: mwendo ndio unaoshinda. Mwanaanga Sergei Krikalev, aliyekaa angani jumla ya siku 803 katika safari sita, amezeeka pungufu kwa takriban sekunde 0.02 tu.

Kiasi hicho ni kidogo mno kuweza kuzua msiba wowote wa kifasihi. Kinachomfaa mhakiki ni umbo la tukio, wala si ukubwa wake. Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, maadamu mapacha wanaachana kwa mwendo usiobadilika, kila mmoja ana haki ya kusema kwamba saa ya mwenzake ndiyo inayochelewa. Ubishi huo hauna mwamuzi hadi mmoja wao ageuke. Anayegeuka ndiye atakayekutwa na miaka michache. Pili, tofauti inathibitika pale tu saa mbili zinapowekwa tena pamoja, mahali pamoja. Bila marejeo kuna saa mbili ambazo hazina pa kulinganishwa.

Inafaa kuondoa utata mmoja hapa. Msemaji wa Kiswahili amezoea kuishi na saa mbili kwa maana nyingine: mshale unaonyesha 8 na kinywa kinasema saa mbili, kwa kuwa hesabu ya Kiswahili huanzia macheo. Hapo saa ni moja na majina ni mawili. Mwendo wake ni ule ule. Katika mfano wa mapacha, mwendo wenyewe umetofautiana.

3.0 Njeo Tisa za Kitenzi Kimoja

Suala la wakati lina historia ya pekee katika Ukambani. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019, alitoa mwaka 1969 kitabu chake African Religions and Philosophy. Humo alidai kwamba Mwafrika wa jadi huuona wakati kuwa mfululizo wa matukio, wenye uliopita mrefu, uliopo, na ujao ulio mfupi mno. Ili kuzitaja sehemu mbili kuu za wakati huo alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, lakini ushahidi wake wa kisarufi aliutoa katika Kikamba na Gikuyu. Alionyesha njeo tisa: tatu za wakati ujao, moja ya uliopo, na tano za uliopita. Njeo ya ujao wa mbali kabisa haikupita takriban miezi 6.

Dai hilo limepingwa sana. Kwame Gyekye (1987), akitumia Kiakan, alionyesha kuwa dhana ya wakati ujao wa mbali ipo katika lugha na fikra za Waakan, na kwamba haifai kuihukumu Afrika nzima kwa sarufi ya lugha mbili. Upinzani huo una uzito. Hata hivyo, mjadala wote umekazania njeo tatu za ujao, na kuziacha tano za uliopita zikiwa hazina mgomvi wala mtetezi. Tena haujatiliwa maanani ukweli kwamba Mbiti alizionyesha njeo zote tisa kwa kitenzi kimoja, nacho ni kitenzi cha kuja. Alipotaka kuupima wakati, mwanatheolojia huyu alimchagua mtu anayewasili.

Njeo za uliopita za Kikamba humtaka msemaji abainishe: amekuja punde hii, alikuja leo mapema, alikuja jana, alikuja siku za nyuma, au alikuja tene, yaani kale isiyo na tarehe. Warudishwe sasa mapacha wa Mumbuni, na kasi ya chombo ikaribie kabisa ile ya mwanga, kiasi kwamba safari imemchukua msafiri siku moja ilhali Mumbuni imepita miaka mingi. Wanakutana langoni na kuzungumza Kikamba. Wote wawili wanataja tukio moja, la kuondoka. Kwa msafiri tukio hilo ni la jana. Kwa nduguye ni la tene. Kila mmoja, akisema kweli, atalazimika kutumia umbo tofauti la kitenzi. Kitendawili cha wanafizikia kingefichuliwa na sarufi kabla hawajazitazama saa zao.

Wakizungumza Kiswahili, mmoja atasema "niliondoka" na mwingine "uliondoka", na kiambishi -li- kitawafunika wote. Kiambishi hicho hakiulizi kama ni jana au karne iliyopita. Vielezi ndivyo hufanya kazi hiyo, na vielezi ni hiari. Kiambishi -ka-, ambacho ndicho uti wa mgongo wa usimulizi wa Kiswahili, kinadai zaidi: akaenda, akafika, akarudi. Kinayapanga matukio katika uzi mmoja na kumfanya msikilizaji aamini kuwa uzi ni huo tu. Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuonyesha nyuzi mbili hana budi kuleta kitu kinachoshikika: sarafu, kaburi, ndevu, nyumba iliyoanguka. Huu si upungufu wa lugha. Ni sharti la kisanaa, na masimulizi ya kale ya Kiswahili yalilitimiza zamani.

4.0 Pango na Miraji

Masimulizi mawili ya Kiislamu, yanayojulikana kote uswahilini, yanatoa vielelezo viwili vya msingi. La kwanza ni kisa cha Watu wa Pangoni, kilichomo katika Sura ya 18 ya Kurani. Vijana wanakimbilia pangoni kwa ajili ya imani yao, wanalazwa miaka 300 na kuongezwa 9, na wanapoamka wanadhani wamekaa siku moja au sehemu ya siku. Wanamtuma mmoja wao mjini kununua chakula kwa fedha yao. Wafasiri wanaeleza kuwa fedha hiyo, iliyopigwa chapa ya mfalme aliyekwisha kusahauliwa, ndiyo iliyowafichua. Hapa muda wa aliyeondoka ni mfupi na wa ulimwengu ni mrefu. Sarafu ndiyo saa.

La pili ni kisa cha Miraji, ambacho washairi wa Kiswahili wamekitungia tenzi. Mtume anapelekwa usiku hadi Yerusalemu, anapandishwa mbingu baada ya mbingu, anaonyeshwa mengi, na usiku ule ule amerudi. Masimulizi ya watu huongeza kwamba alikuta kitanda chake bado kina joto. Hapa muda wa aliyeondoka ni mpana na wa ulimwengu ni mfupi. Joto la kitanda ndilo saa.

Vielelezo hivi vinakwenda pande mbili zinazopingana. Safari ya kasi katika fizikia hufuata upande wa pango: msafiri ndiye mwenye muda mchache. Hakuna kasi inayoweza kumpa mtu miraji. Kwa sababu hiyo ni kosa kwa mhakiki kuviweka vyote katika kapu moja la "wakati wa kiajabu". Pango humfanya msafiri kuwa mgeni kwao. Anarudi na sarafu isiyonunua kitu. Miraji humfanya kuwa shahidi. Anarudi na habari ambayo waliobaki hawakupata muda wa kuiishi. Swali la kwanza la uhakiki wa riwaya yoyote ya safari na marejeo linapaswa kuwa: muda wa nani umefupishwa, na kwa faida ya nani?

5.0 Walenisi: Hukumu Iliyogeuzwa

Katika riwaya za Kenya, swali hilo linaihusu zaidi Walenisi ya Katama Mkangi, iliyochapishwa mwaka 1995. Mhusika wake mkuu, Dzombo, amehukumiwa kufa. Anatiwa katika chombo na kurushwa angani aangamie huko. Anafaulu kukiongoza chombo, na anatua katika sayari ya Walenisi, ambako anakuta jamii iliyojengwa juu ya usawa. Mkangi haandiki fizikia. Safari yake ni ya kisiasa, na jina la sayari linafumbua lengo lake: wale ni sisi.

Muktadha wa riwaya unaipa safari hiyo uzito. Mkangi, mwanasosholojia na mzaliwa wa pwani ya Kenya, alitiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka mwaka 1986, wakati wa msako dhidi ya vuguvugu la Mwakenya. Kizuizi bila mashtaka ni adhabu ya wakati kuliko ilivyo adhabu ya mahali. Mfungwa aliyehukumiwa miaka 5 ana hesabu, aliyezuiliwa hana. Dola inamtoa katika kalenda ya wenzake na kumtia pangoni, ikitumaini kwamba akitoka sarafu yake itakuwa imepitwa: wanafunzi wake wamehitimu, wenzake wamenyamaza, maneno yake hayanunui kitu. Kumrusha Dzombo angani ni picha kamili ya adhabu hiyo. Dola haimwui kwa mkono wake. Inamwondoa katika wakati.

Pwani ile ile aliyotoka Mkangi ilikuwa imeshuhudia urushaji wa namna nyingine. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco katika bahari ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza mionzi ya eksi ya nyota, na kwa kuwa ilikuwa siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Uhuru. Miaka 25 baadaye, riwaya ya Kiswahili ya Kenya ilikifanya chombo cha angani kuwa kitanzi. Si lazima kudai kwamba Mkangi alikusudia kinaya hicho. Kinatosha kuwapo.

Nguvu ya Walenisi ni kwamba inaigeuza hukumu. Dzombo aliyetumwa pangoni anaipata miraji: anaonyeshwa jamii ambayo wenzake hawajaiona, na uamuzi wake wa kurejea kwao unamfanya shahidi badala ya mgeni. Jina lenyewe linashiriki katika ugeuzaji huo. Kiashiria "wale" hutenga kwa umbali, "sisi" hukusanya, na kitenzi "ni", ambacho hakichukui njeo, huviunganisha viwili bila kusema lini. Wale ni sisi: hapakusemwa walikuwa, wala watakuwa. Mahali ambapo Kikamba cha Mbiti kingedai njeo, Mkangi amechagua umbo la Kiswahili lisilo na wakati kabisa.

Hapo hapo, hata hivyo, ndipo riwaya inapostahili kuulizwa swali. Ikiwa wale ni sisi bila tarehe, deni la miaka linalipwa na nani? Macho ya msomaji yanamfuata Dzombo, naye anajifunza siku baada ya siku. Waliobaki chini ya dola ile ile nao walikuwa na siku zao, na siku hizo hazikuwa na mwalimu. Msafiri wa Langevin anaikuta dunia imezeeka. Msafiri wa kiutopia huelekea kuikuta dunia ikimsubiri, kana kwamba saa yake ilisimama siku alipoondoka. Huo ndio udhaifu wa utanzu mzima wa utopia ya safari, na Walenisi haikuukwepa kikamilifu.

6.0 Aliyefufuka na Asiyekua

Riwaya mbili zilizofuata zinaonyesha njia nyingine. Katika Babu Alipofufuka (2001), Said Ahmed Mohamed anamleta Babu kutoka kwa wafu ili amchukue mjukuu wake, K, katika safari ya kuiona nchi ilivyokuwa na inavyoelekea kuwa. Vielelezo vyote viwili vimo katika msafara mmoja. Babu ni mtu wa pangoni: amerudi na sarafu ya enzi nyingine, yaani maadili yasiyonunua kitu katika soko la wakubwa wa sasa. K ni mtu wa miraji: anaonyeshwa mengi kuliko muda wake wa kawaida unavyoweza kubeba. Kwa istilahi za Mbiti, Babu ni mmoja wa wafu walio hai, wale ambao bado wanakumbukwa kwa majina na hawajatumbukia zamani. Lakini Mohamed anampa kazi ambayo Mbiti hakuitaja. Mfu huyu anaujua ujao kuliko mjukuu aliye hai. Kwa hiyo riwaya inajibu, kwa njia ya sanaa, dai kwamba ujao wa Mwafrika hauvuki miezi michache: wenye kunyimwa ujao ni walio hai, na sababu yake ni dola wala si sarufi.

Katika Bina-Adamu! (2002), Kyallo Wadi Wamitila anamtuma msafiri wake kuzunguka mabara akimtafuta P.P., yaani Peter Pan, yule mtoto wa hadithi za Uingereza asiyekua. Taashira hii imezoea kusomwa kuwa ya utandawazi, na usomaji huo ni sahihi. Ukisomwa kwa saa mbili unaongeza jambo. Peter Pan ni msafiri ambaye saa yake haisogei, na kila anapopita wengine huzeeka. Hajapata kugeuka, na asiyegeuka hana siku ya kulinganisha saa. Ndiyo maana Bina-Adamu hana njia ila kumfuata: P.P. hatakuja langoni kuulizwa ameondoka lini.

7.0 Hitimisho: Aliyebaki

Katika mfano wa mapacha, miaka 10 ni ya aliyebaki na miaka 6 ni ya msafiri. Fizikia inampa wa nyumbani muda mrefu zaidi. Uhakiki umempa mfupi. Sababu inaeleweka: -ka- humfuata anayetembea. Lakini Ukambani una historia ndefu ya marejeo inayopinga mazoea hayo. Misafara ya Wakamba ilikwenda na kurudi kati ya bara na Mombasa katika karne ya 19. Katika Vita Vikuu vya Pili vijana wengi wa Machakos waliingia Keya, na baadhi yao walipelekwa Burma. Walioondoka walirudi na habari. Waliobaki walikuwa wamezaa, wamezika, wamelima na kupokea amri, na hesabu yao ya miaka hiyo ilikuwa na vipengele vingi kuliko hesabu ya msafiri, kama vile uliopita wa Kikamba una njeo nyingi kuliko ujao wake.

Mambo matatu yanafuata kwa mtafiti. La kwanza, mbele ya riwaya yoyote ya safari, abainishe kama wakati umevurugwa na msimulizi au umetofautiana kati ya wahusika. La pili, atafute ile sarafu: kitu kinachozileta saa mbili mahali pamoja, kwa kuwa njeo za Kiswahili hazitamfanyia kazi hiyo. La tatu, aulize ni nani aliyeishi miaka mingi zaidi, na riwaya imempa kurasa ngapi. Swali hili la mwisho linaweza kuulizwa kwa fasihi simulizi pia. Mwanafunzi wa uzamili atakayekwenda Mumbuni na kinasa sauti, akarekodi kwa Kikamba na kwa Kiswahili kisa kile kile cha marejeo kutoka kwa mzee yule yule, ataweza kuona jinsi msimulizi mmoja anavyogawa uliopita wake katika lugha moja na kuuunganisha katika nyingine. Data ya namna hiyo ingeupima mgawanyo wa Mbiti kwa haki zaidi kuliko orodha ya vitenzi, na ingeipa nadharia ya riwaya ya Kiswahili msingi wa wakati uliotoka katika vinywa vya wenye lugha.